Injini Isiyotwanga

Jumatatu, 8 Julai

Kikao cha nyumba kimekwisha. Nimeonewa vibaya sana.

Nyumba ina ghorofa tatu, kwa hiyo ina kura tatu. Chini anakaa Bi. Allgaier, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye udaktari wa vitabu ambao haujawahi kumponya mtu. Juu anakaa Kurrle, aliyefunga pistoni kiwandani maisha yake yote na hata leo anatembea kama pistoni, juu chini, juu chini, akinichungulia. Katikati tuko sisi, mimi na mke wangu Irmtraud. Kura yetu imeandikwa kwa jina lake kwa sababu aliachiwa ghorofa yetu na mama yake. Hilo ni la karatasi tu.

Ajenda moja: chumba cha kufulia kule chini ya ardhi. Humo ndimo ninamojenga injini yangu, ya kuendeshea kigari changu. Kurrle akadai eti ni miaka miwili sasa hakuna aliyefua humo ila mimi, nami nafua vyuma. Wakacheka. Bi. Allgaier akasema kamba yake ya nguo amelazimika kuihamishia koridoni na amechoka. Irmtraud akanitetea. Akasema nipewe muda, mwanamume wa miaka sitini na miwili akinyang'anywa mahali pa kuchezea atakufa mapema. Sikulipenda neno kuchezea, kwa hiyo sikumshukuru.

Uamuzi: Jumamosi ya tarehe ishirini ni sikukuu ya mtaa. Kigari changu kiondoke kwenye kisima cha mawe cha sokoni, kiende mpaka kanisani, kirudi. Kwa injini yangu mwenyewe, bila kusukumwa. Kikifanikiwa, Bi. Allgaier atanipa kura na chumba kitakuwa changu moja kwa moja. Kikishindwa, mashine zangu nje. Kurrle ameshasema hatanipa kura hata nikiruka angani. Hesabu yenyewe haihitaji udaktari: Irmtraud ninaye mfukoni, anayetafutwa ni Bi. Allgaier.

Ngazini Kurrle akaniambia, "Jirani, hiyo si injini, hiyo ni mashine ya kukandia unga." Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Sijalala.

Jumanne, 9 Julai

Niandike jambo hili kwa faida ya vizazi. Injini ya akina Kurrle ina pistoni inayopanda na kushuka, inatwanga mchana kutwa. Yangu haitwangi. Yangu inasaga. Ina tumbo lenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili, na mle ndani inazunguka rota moja tu, ya pembe tatu, yenye mashavu yaliyovimba kidogo. Inavuta mafuta upande huu, inayabana upande ule, inayachoma upande wa tatu, na haina haja ya kutikisa mtu.

Kiwandani kwetu tulizitengeneza zamani. Mimi nilikuwa stoo. Miaka thelathini nilisimama nyuma ya dirisha nikiwapa wenzangu rota mkononi, nao wakaenda nazo kule ndani kuzifunga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, Pfleiderer, njoo nawe ufunge moja. Inaniuma mpaka leo.

Sasa tumbo limekwisha. Rota imekwisha. Kigari kilikwisha zamani, kina hata honi. Vimebaki vizibo: vipande vitatu vyembamba vya chuma, kimoja kila ncha ya rota, vinavyosugua ukuta ili moto usivujie upande wa pili. Bila vizibo hakuna injini, kuna feni. Fundi anayeviuza yuko kaskazini, vinachukua wiki tatu kufika, na bei yake ni ile ambayo watu wa huku kwetu hawaitamki wakiwa mezani.

Chuma kinachofaa ni cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, na kiwe cha zamani. Nimekaa nikijiuliza chuma cha kusubu cha zamani kiko wapi katika nyumba hii. Nimekumbuka darini.

Jumatano, 10 Julai

Nimekipata. Chuma cha marehemu mama mkwe cha kuokea vikate vya vishimo. Sahani mbili nzito zinazofumbana kama kitabu, na mikono mirefu ya kushikia juu ya moto. Kilikuwa sandukuni, kimeviringishwa taulo safi, kimepakwa mafuta. Mtu anayehifadhi kitu namna hiyo hana mpango wa kukitumia.

Nimekata ukingo wa nyuma wa sahani ya chini. Ukingo tu. Kwa mbele huoni chochote. Nimetoa vipande vitatu, nimevipiga tupa, nimevisugua kwa msasa mpaka vikateleza kwenye ncha za rota kwa ulaini wa ajabu. Mikono ya stoo hiyo. Nimekirudisha chuma sandukuni na taulo lake.

Irmtraud aliuliza nilikuwa nakata nini. Nikasema bomba. Si uongo, nyumba hii ina mabomba mengi.

Alhamisi, 11 Julai

Jaribio la kwanza. Sina stata, kwa hiyo nazungusha kwa drili ya umeme. Petroli na oili vimo. Nikabonyeza. Rota ikazunguka. Kabureta ikapiga chafya. Kisha ukaja moshi. Sijui moshi wote ule ulikuwa umekaa wapi. Ulipanda ngazi ukafika koridoni, na koridoni ndiko zilikokuwa shuka za Bi. Allgaier.

Bi. Allgaier akashuka na shuka moja mkononi. Hakugomba. Walimu wa zamani hawagombi. Akaniuliza, nikiitazama ile shuka, ninaona rangi gani. Nikajibu inategemea mwanga. Akasema, "Haya, Bwana Pfleiderer, tutaonana tarehe ishirini." Akaenda zake.

Kisha mambo ya ngazi. Wiki hii kibao cha zamu ya kufagia kimening'inia mlangoni kwetu, na kwa kuwa goti la Irmtraud limevimba aliniomba nifagie mimi. Sasa leo Kurrle kamsimamisha na kumuuliza, kwa upole wake ule wa kinafiki, kama hapo kwetu kuna mgonjwa. Kumbe Jumatatu alilaza njiti ya kiberiti kwenye kipandio cha tatu, na leo bado imelala. Mtu mzima ananitegea njiti! Irmtraud alirudi ndani masikio yamemuiva kwa aibu. Akasema, Gotthold, nakuomba tu, fagia.

Nikafagia. Kipandio baada ya kipandio, kona baada ya kona, nikapiga na deki. Njiti nikaizunguka. Sasa iko pale pale, peke yake, kwenye ngazi zinazong'aa. Ajue kuwa nimeiona.

Jumamosi, 13 Julai

Moshi umepungua. Injini inakohoa vizuri zaidi. Lakini kura ni kura, na shuka ile bado inaning'inia koridoni kama ushahidi.

Nimepanga hivi. Huku kwetu ukimkosea jirani unampelekea saladi ya viazi. Na saladi ya Irmtraud inasifiwa mtaa mzima: viazi vikiwa bado vya moto, supu ya nyama, siki, vitunguu, inateleza yenyewe kooni. Nikamwomba atengeneze. Akasema kesho, leo goti halimruhusu kusimama. Kesho! Mtu anayepigania chumba hangoji goti.

Nikaenda dukani, nikanunua ndoo ya saladi iliyo tayari. Nikaimimina kwenye bakuli la Irmtraud la maua ya buluu, nikatupia majani ya kotimiri juu. Nikampelekea Bi. Allgaier mwenyewe mlangoni. Nikamwambia, Irmtraud anakusalimu sana, kakupikia kwa mikono yake.

Ile ya dukani ina mayonezi, ambayo huku kwetu mpishi wa kweli haitii. Najua. Lakini yule ni mtu wa hesabu. Nilifikiri ataangalia ujazo.

Jumapili, 14 Julai

Hakuangalia ujazo.

Baada ya ibada Bi. Allgaier akamrudishia Irmtraud bakuli, limejaa vilevile, limefunikwa kitambaa. Akamshika mkono. Akamwambia pole sana mama, sikujua hali imefikia hapo, kama kupika kumekushinda sema tu, sisi ni majirani. Irmtraud hakuelewa mpaka alipofunua kitambaa. Mayonezi. Katika bakuli lake, kwa jina lake.

Aliimwaga yote. Bakuli aliliosha mara mbili. Kisha akaniambia kuwa miaka thelathini na minane amepika katika nyumba hii na hakuna aliyewahi kumpa pole, hadi leo. Nikamwomba atazame upande wa faida: Bi. Allgaier sasa anamwonea huruma, na huruma ni nusu ya kura. Mchana tulikula dengu na tambi. Soseji ziliishia kwenye sahani yake.

Jumapili kelele haziruhusiwi, kwa hiyo nikaifunika injini blanketi na kuizungusha kwa mkono. Taratibu. Nikasikia rota inavuta pumzi, inaibana, inaiachia. Vizibo vinashika. Nilikaa pale chini na mkono wangu juu ya blanketi, na ninakiri nilikuwa na furaha kuliko nilivyokuwa kanisani.

Jumatano, 17 Julai

Imewaka!

Niandike polepole. Baada ya siku mbili za kubadilisha plagi na kuchezea kabureta, leo nikabonyeza drili bila matumaini, na injini ikashika. Ikakataa kuzima. Nikaiondoa drili, ikaendelea yenyewe. Haikutwanga. Ilivuma. Sauti moja nyororo, ndefu, inayopanda kila ukifungua mafuta. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikaweka kikombe cha kahawa juu yake na kahawa haikumwagika. Miaka thelathini nyuma ya dirisha, na sasa hii hapa, nimeifunga mimi.

Kisha nikatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika mbili mchana.

Saa saba mpaka saa tisa ni mapumziko. Kimya cha nyumba. Hakuna drili, hakuna nyundo, hakuna zulia kupigwa. Imeandikwa, imebandikwa mlangoni. Kanuni hiyo niliiandika mimi, mwaka ule Kurrle alipokuwa akitoboa ukuta wa bafu lake, na nilimshtaki kwayo mara nne. Ningefanyaje? Saa ya kanisa ilipogonga, nikaizima.

Nilipogeuka nikamkuta Irmtraud mlangoni. Ameshuka na goti lake lile, kisu cha kumenyea viazi bado mkononi. Alikuwa anatabasamu. Akasema ameisikia toka jikoni, imelia vizuri. Akauliza mbona nimeizima. Nikasema kanuni. Akauliza ni nani atakayenishtaki. Nikasema hilo silo jambo. Tabasamu likamtoka kidogo, akasema basi, angalau sisi wawili tumeisikia, akaanza kupanda ngazi. Ningemshika mkono lakini nilikuwa namtafuta Kurrle, nimuulize kama amesikia. Kurrle alisema alikuwa amelala na pamba masikioni, kwa sababu ilikuwa karibu saa saba na yeye huiheshimu kanuni.

Saa tisa kamili nikabonyeza tena. Haikushika. Nikabonyeza mpaka drili ikanuka. Imekufa.

Alhamisi, 18 Julai

Nimeifungua. Kizibo kimoja kimevunjika. Ukingo ule wa nyuma ulikuwa na ufa wa zamani ambao sikuuona, na nilipoizima ghafla ikiwa ya moto, chuma kikapoa, ufa ukamaliza kazi. Laiti ningeiacha iendelee kuvuma. Lakini kanuni ni kanuni.

Nahitaji kizibo kimoja. Ukingo wa nyuma umekwisha. Umebaki wa mbele. Ule una herufi mbili, K na B, za jina la mama mkwe, zilizochongwa mwaka alioolewa. Nimetafakari sana, karibu robo saa. Nimeona hivi: ndani ya rota hakuna atakayezisoma.

Chuma cha mbele ni kizuri zaidi. Hakina ufa. Nimeudhika kwamba sikuanza na hicho.

Ijumaa, 19 Julai

Nilikuwa nafunga bolti ya mwisho Irmtraud aliposhuka na kile chuma mikononi, unga mbichi unachirizika mpaka kwenye viatu vyake. Akakilaza juu ya mashine yangu ya kukereza. Akauliza K iko wapi.

Nikasema kutu. Akasema kutu haipigi tupa. Hapo nikaona ni heri ukweli, nikamwambia K imo ndani ya injini, na B imebaki nusu. Akageuza ndoo akaikalia. Kisha akaniambia.

Kumbe kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya mtaa, anakitoa kile chuma sandukuni na kuoka vikate vya meza ya akina mama wa kanisa. Kila mwaka! Vikate vyenyewe nimevila. Miaka yote nilidhani vinanunuliwa. Nikamwambia hivyo, ili aone kwamba sikuwa na nia mbaya. Sidhani kama ilisaidia.

Mwishowe akasema kimeshakatwa, hakuna la kufanya. Ila ana ombi moja. Kesho watu watakuwepo wote, na wengi wao walikula vikate vya mama yake wakiwa wadogo. "Ukisimama mbele yao, sema tu kwamba mle ndani kuna chuma cha mama. Basi. Sitaki kingine." Nikamwahidi. Ni jambo dogo.

Kisha akapanda kwa Kurrle kuazima chake cha umeme. Kurrle akamletea mwenyewe mpaka jikoni, akabaki kumwonyesha kitufe. Niliwasikia wanacheka. Kitufe kimoja kinahitaji nusu saa ya maelezo? Yule mtu ana hila.

Irmtraud analala sebuleni leo. Anasema ni goti.

Jumamosi, 20 Julai

Andika, Gotthold, andika yote.

Soko lilijaa. Meza ndefu na benchi, soseji zinachomwa, bendi ya tarumbeta, mvinyo wa milima yetu. Nikakiweka kigari kando ya kisima. Kurrle akaja na saa yake mkononi, akauliza kwa sauti kama nitahitaji farasi. Nikabonyeza drili mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Watu wakaanza kunionea huruma, na huruma ya watu wengi ni kitu kizito. Ya tatu, ikashika.

Ikavuma! Nikaruka ndani, nikaachia klachi. Kigari kikaondoka. Moshi wa buluu ukafunika soseji zote na nusu ya bendi, wale wa tarumbeta kubwa wakaendelea kupiga bila kuonana. Mtelemko, kona ya duka la mikate, kanisa hilo hapo. Mchungaji akajibanza ukutani. Nikapiga honi. Nilipogeuza kuanza kurudi nikasikia injini inapungukiwa nguvu, nikaushika usukani nikaiomba kwa jina la kila kitu. Ilipanda. Ilipanda kwa mwendo wa bibi kizee aliyebeba kapu, lakini ilipanda, na hakuna aliyeisukuma. Gurudumu la mbele likagusa kisima. Watu wakapiga makofi. Nililia hadharani na sijali.

Bi. Allgaier akanishika mkono wangu mweusi kwa mkono wake mweupe. Akaniambia, Bwana Pfleiderer, ahadi ni ahadi. Mkuu wa bendi akanipa kipaza sauti. Nikaongea. Nilimshukuru marehemu baba yangu. Nilikishukuru kiwanda. Niliwaambia kuhusu stoo, dirisha, miaka yote ile, na wakongwe wa kiwandani wakatikisa vichwa kukubali. Nikamshukuru Bi. Allgaier kwa moyo wake wa haki. Nikaishukuru hata drili.

Bi. Allgaier, kwa udadisi wake wa kisomi, akauliza mbele ya watu wote: na vile vizibo, ambavyo nasikia ndivyo vigumu kuliko vyote, umevitengeneza kwa kitu gani?

Meza ya akina mama ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Irmtraud alikuwa amesimama nyuma ya vikate, unga mpaka viwikoni. Aliacha kufanya kazi. Alikuwa ananitazama.

Sasa mtu ajiweke mahali pangu. Mafundi wazima wa kiwandani wamesimama, wamenyamaza, wananisikiliza mimi wa stoo. Niwaambie chuma cha vikate? Nikasema ni mchanganyiko maalumu wa chuma, matokeo ya utafiti wangu binafsi, na kwamba kwa sasa siwezi kusema zaidi. Wakashangilia.

Tukakaa mezani kupiga kura, kwa kuwa wenye nyumba wote walikuwepo. Bi. Allgaier akainua mkono: ndiyo. Kurrle akatua bilauri yake: hapana. Wote wakamgeukia Irmtraud. Mimi nilikuwa tayari nimeinua mvinyo.

Irmtraud akafuta mikono kwenye aproni. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapana. Nataka mahali pa kufulia."

Kurrle mwenyewe alishtuka. Hata hakucheka.

Jumapili, 21 Julai

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga waliniona mimi.

Mashine zitoke mwisho wa mwezi. Kamba ya Bi. Allgaier imeshafungwa kule chini, juu ya benchi langu. Asubuhi nilimuuliza Irmtraud nimemkosea nini. Akaniuliza jana nilipoulizwa vizibo ni vya nini nilijibu nini. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mbele ya mafundi hapakuwa mahali pa kutaja vyombo vya jikoni, na kwamba heshima ya injini ni heshima yake pia. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta. Akauchukua mto wake, taa yake ya kusomea na saa yake ya mezani, akavipeleka sebuleni. Mchana akahamisha na nguo. Sasa hasemi tena ni goti.

Nimepitia mambo yote tangu mwanzo, bila upendeleo, kutafuta kosa liko wapi. Nimeliona. Ni vizibo. Chuma kile kilikuwa chepesi mno, ndiyo maana nguvu ilipungua pale kanisani. Ningerudi kwa kasi, shangwe ingekuwa kubwa zaidi, na hakuna mke ambaye angethubutu kupiga kura ya hapana. Cherehani ya Irmtraud ina miguu ya chuma cha kusubu, mizito, ya zamani kuliko kile. Anashona mara moja moja tu.

Na suala la mahali nimelimaliza. Nimepima chumba cha kulala. Ukitoa kitanda chake, mashine ya kukereza inaingia bila kugusa ukuta, na kwa bahati nzuri soketi iko upande wake.